Udongo Chini ya Ulimi

Siku Pua iliposema mtoto wangu ni mzima, watu wote walifurahi isipokuwa mimi niliyembeba.

Mama mkwe wangu, Gaudensia, alikuwa ameshanunua kanga ya kijani kabla jibu halijatoka. Hapa Itowela mwanamke aliyepita kwenye Pua hufungwa kanga ya kijani na ukoo wa mumewe, palepale kwenye baraza la kituo cha uzazi, mbele ya foleni, ili wanaosubiri wajue ukoo huo hauna mawe. Yangu iliandikwa: PUA IMENUSA, MDOMO FUNGA. Alinifunga juu ya nguo zangu za kazi, akanizungusha kama ng'ombe wa mnadani, akapiga vigelegele. Muuguzi Agripina akasoma karatasi kwa sauti. Uwezekano wa kuzaa mtoto wa mawe ni mmoja kati ya elfu tisa. Wanawake waliokuwa kwenye mabenchi wakapiga makofi, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Walikuwa na sababu, nami niliijua, ila siku hiyo sikuifikiria.

Mimi ni msafishaji wa kituo hicho. Niliishia darasa la tano. Wanaonijua husema sina maneno, na baadhi huongeza kwamba sina akili, maana wanadhani vitu hivyo viwili hupikwa chungu kimoja. Sijawahi kuwasahihisha. Mtu akikuona mjinga hufanya mambo yake yote mbele yako, na mimi nimeona mengi ya watu wenye vyeti.

Shule niliiacha kwa ajili ya mdogo wangu, Alfonsi. Alizaliwa mwaka wa pili baada ya mgodi wa hewa kufunguliwa. Mgodi ulivuta kutoka chini ya bonde ile hewa nyepesi inayopoza mashine zinazofikiri huko mbali, na maji ya visima vyetu yakabadilika ladha. Watoto waliokuwa tumboni miaka ile walizaliwa wazuri, wanene, wakatembea kwa wakati. Wakikaribia miaka mitatu walianza kukataa kuchuchumaa. Halafu magoti yakagoma, halafu viuno, halafu shingo. Alfonsi nilimbeba mgongoni kila nilipokwenda mpaka alipotimiza miaka sita. Hapo hakubebeka tena, kwa kuwa kubebwa kunataka mtoto akunje miguu. Tukawa tunamwegemeza ukutani, upande wa jua asubuhi, upande wa kivuli mchana. Alikufa akiwa na miaka minane, kifua kilipogoma nacho.

Kwa hiyo ukiniambia mmoja kati ya elfu tisa, hao elfu tisa siwaoni. Namwona mmoja, ameegemezwa ukutani.

Siku hizi dawa ipo. Inapitishwa kwa sindano ndefu kwenye tumbo la mama mpaka kwenye maji yanayomzunguka mtoto, kabla ya wiki ya ishirini na mbili. Wiki hiyo ikipita, mtoto ameshaganda njia yake. Lakini huwezi kupewa dawa bila kupimwa, na kipimo cha hakika ni sindano hiyohiyo: inaingia, inachota maji, unasubiri siku nane. Na katika kila wanawake sitini wanaochomwa, mmoja mimba yake hutoka, hata kama mtoto alikuwa mzima kama mimi na wewe. Ndiyo maana Pua ilipoletwa watu walicheza ngoma. Unapumua tu, unakwenda zako.

Nilikuwa wiki ya kumi na tisa.

*

Pua ni kabati la chuma, kimo chake ni cha mtu aliyeketi. Ndani kuna visahani vya kioo, na juu ya kila kisahani kimeoteshwa kipande cha nyama ya pua ya panya buku, chembamba kama utando wa maziwa. Panya mwenyewe hayupo wala hahitajiki. Nyama hunyweshwa maji ya sukari asubuhi na jioni, na mnyweshaji ni mimi. Mwanamke hupumua kwenye mrija kwa robo saa, pumzi yake inapozwa mpaka inakuwa maji, tone la maji hayo linaangushwa kwenye kisahani. Mtoto wa mawe ana harufu yake, ambayo hupanda na damu ya mama hadi kwenye pumzi. Sisi hatuisikii. Nyama inaisikia. Taa ikiwaka nyekundu, kuna mawe. Ikiwaka ya kijani, nunueni kanga.

Kila asubuhi Agripina huijaribu Pua kwa chupa ya mfano, yaani maji ya pumzi ya mwanamke fulani wa mbali aliyekuwa na mtoto wa mawe. Lazima taa iwe nyekundu. Ikishakuwa nyekundu, foleni inafunguliwa.

Kati ya mwanamke na mwanamke mimi huosha mrija na chumba cha kunusia, ili harufu ya aliyetoka isimshike anayeingia. Mwanzoni tulikuwa na poda ya watengenezaji, kwenye pakiti za rangi ya fedha zenye picha ya mlima wenye theluji. Iliisha kabla ya mwaka. Ziliandikwa barua. Barua zilijibiwa kwa heshima, poda haikuja. Agripina akaniambia nitafute udongo mweupe, niusage, niutumie kimyakimya, na nisimwambie daktari kwa sababu daktari anapenda vitu vyenye pakiti. Nikaenda sokoni kwa muuzaji ambaye kila mtu humwendea. Huyo ni mama mkwe wangu.

Anauza vijiti vya udongo wa kula, vyeupe, urefu wa kidole, vilivyokaushwa juu ya moshi. Hapa kwetu hakuna mwenye mimba asiyekula udongo huo. Una ladha ya vumbi mvua inapoanza, na ukiukosa siku moja mate yanakujaa kama mbwa. Wauguzi hutukaripia kwamba tunajikausha damu na kujipandia minyoo. Basi tukiulizwa tunasema hatuli, na tukiwaona wanakuja tunausukuma chini ya ulimi, tunafunga midomo, tunaonekana wenye adabu.

Siku ya pili baada ya kufungwa kanga nilikuwa kazini, kijiti kikiwa shavuni. Mwanamke aliyetoka alikuwa amekula dagaa, na chumba cha kunusia kilinuka dagaa mpaka macho yakaniuma. Nikanyunyiza udongo, nikangoja, nikafuta. Harufu ikaisha. Nimefanya hivyo mara ngapi sijui. Siku hiyo mkono ulisimama na tambara ndani yake, na ulimi wangu ukakihamisha kijiti kutoka shavu la kushoto kwenda la kulia.

Nilikumbuka nilivyokuwa kwenye foleni yangu mwenyewe. Mama mkwe alinipa vijiti vitatu nitulize moyo. Agripina alipopita na daftari nikavificha chini ya ulimi, na nilipoitwa sikupata pa kuvitemea. Nikakaa. Nikapumua robo saa nzima kupitia udongo uleule unaoua dagaa.

Saa ya chakula Agripina alikwenda kula. Nikachukua chupa ya mfano, nikamimina kiasi cha kifuniko kimoja, nikatia chembe za udongo, nikatikisa, nikasali Baba Yetu mara kumi ili muda upite. Nikaangusha tone. Kijani. Nikarudia bila udongo. Nyekundu. Nikarudia na udongo. Kijani tena, kijani nzuri, ya kununulia kanga.

Ukutani juu ya kabati wameandika kwa rangi ya mafuta: HAIJAKOSEA HATA MARA MOJA. Niliyasoma maneno hayo kama mara elfu nikiwa na ndoo mkononi. Pua ina miaka mitatu na miezi miwili hapa Itowela. Watoto wa kwanza kupimwa wakiwa tumboni bado hawajatimiza miaka mitatu. Haijakosea kwa sababu mtihani wake haujasahihishwa. Kulijua hilo hakuhitaji darasa la sita.

*

Daktari Kipeta ni kijana mwenye sauti ya redio. Huniita dada wa usafi, na nadhani jina langu, Leokadia, hajawahi kulisikia. Nilimwambia nataka sindano. Akacheka kile kicheko cha watu wema, ambacho mimi naona afadhali matusi. Akachukua karatasi, akachora vijiti sitini upande mmoja, na upande wa pili akaanza kuchora nukta elfu tisa, akachoka kwenye ya arobaini, akaandika tu namba.

"Hii ni hesabu ndogo, dada. Hapa hatari ni moja kati ya sitini. Hapa ni moja kati ya elfu tisa. Wewe ungekimbilia wapi?"

Nilimweleza. Ilichukua muda, kwa sababu nikisema na watu wakubwa sauti yangu hupungua kama taa yenye betri mbovu, na mara mbili aliniambia nirudie. Nilisema udongo unakula harufu. Nilisema wanawake wanapumua wakiwa nao mdomoni. Alisikiliza akitikisa kichwa kama anayesikiliza mtoto akisimulia ndoto, kisha akageuza skrini ili nione.

Swali la kumi na nne: mama anakula udongo? Wanawake elfu moja mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamejibu. Waliojibu hapana walikuwa elfu moja mia mbili na kumi na wanne.

"Sasa niambie," alisema, "nikuamini wewe, au niwaamini wao wote?"

Hapana hizo nazijua zinavyozaliwa. Agripina huzijaza asubuhi akinywa chai, fomu arobaini kwa mpigo, kabla wenye fomu hawajaketi. Sikumtaja. Niliomba ninuswe tena, mdomo ukiwa mtupu. Akasema mfumo unaruhusu mara moja kwa kila mimba, na akausema mfumo kama wanavyolisema jina la babu aliyefariki. Nikasema basi nimwonyeshe kwa chupa ya mfano. Hapo akaacha kutabasamu. Akauliza ni nani aliyeniruhusu kugusa chupa ya mfano.

Kisha akasema safari hii hataripoti, nikamshukuru, na shukrani hiyo ilinikaa kooni siku nzima.

Mwishowe alinipa Fomu ya Mashaka. Mwenye jibu safi akitaka sindano lazima aweke saini kwamba mashaka ni yake mwenyewe, kituo hakimo, na mumewe aweke saini amejua. Nilipokuwa natoka daktari alikuwa anapuliza chai yake. Miaka ishirini ya shule, na anaamini kwamba katika mji mzima wa wenye mimba hakuna hata mmoja anayekula udongo. Nilijaribu kumwonea huruma. Haikuja. Ilikuja dharau, nikaikaribisha, nikaipa na kiti.

*

Jumapili baada ya misa niliiweka fomu mezani, katikati ya ugali na maharage. Mume wangu, Desderi, aliisoma yote mpaka jina la mpiga chapa, kisha akamtazama mama yake. Desderi ni mtu mwema kama maji ya uvuguvugu: hayakuunguzi, hayakupozi.

Mama mkwe hakuhitaji kuisoma. Aliuliza tu watu watasemaje wakiona mke wa mwanawe, mwenye kanga ya kijani, anaingia chumba cha sindano. Watauliza nani kati yetu ameleta mashaka. Kisha akaacha kuzungukazunguka.

"Ulizaliwa kwenye nyumba ya mawe," alisema. "Tukakutoa huko, tukakuweka kwenye nyumba safi. Sasa unataka kutumwagia vumbi lenu."

Desderi alitazama maharage. Mimi nilimtazama Sesilia, mtoto wa wifi yangu, ambaye analelewa na bibi yake kwa sababu mama yake anafanya kazi mbali. Ana miaka miwili na miezi tisa. Alikuwa anakula kwenye kigoda, lakini hakuketi. Sahani ilikuwa juu ya kigoda, yeye amesimama kando, ameinama kidogo tu kiunoni kama mtu mzima anayesoma tangazo.

"Kaa chini, mama," Desderi alimwambia.

"Mwache," mama mkwe akasema haraka. "Ana deko huyo."

Aliniona ninavyoyatazama magoti ya mtoto. Akamvuta, akamfunika na kanga yake, akaanza kumlisha mwenyewe.

Nilingoja atulie, kisha nikamuuliza jambo la nyumbani. "Mama, dumu likinuka mafuta ya taa unalifanyaje?"

"Unatia udongo, unatikisa, unaacha. Nani asiyejua?"

"Daktari hajui."

Alianza kumcheka daktari. Gaudensia ana kicheko kizuri, huanzia tumboni. Kilipofika kifuani kikasimama. Aligeuza macho kwenye ungo uliokuwa juani, vijiti vimepangwa kama vidole vya maiti, akavitazama, akamtazama mtoto, akanitazama mimi kwa chuki ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwake, na ameshanichukia vizuri mara nyingi.

"Usilete mambo ya madumu kwenye tumbo la mjukuu wangu," alisema.

Desderi akasema tusubiri kidogo. Mume wangu hana neno la kukataa. Ana neno la kusubiri, na hulitumia mpaka jambo life lenyewe, kisha hulala vizuri.

Nilikwenda kuosha vyombo. Huko ndiko nilikofikiri, kwa sababu mikono ikiwa majini hakuna anayekusemesha. Nikichomwa, na mtoto akatoka, na alikuwa mzima, basi nimemuua mimi, kwa saini yangu, baada ya kuambiwa na kila mwenye cheti. Nisipochomwa, na akazaliwa na mawe, hakuna atakayenilaumu. Nitakuwa na karatasi. Nitakuwa na kanga. Watakuja kunifariji, na daktari mwenyewe atasema ni yule mmoja kati ya elfu tisa, bahati mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi. Kosa moja lina jina langu, na lingine halina jina la mtu. Watu wote niliowaona wakiamua mambo, daktari, Agripina, mume wangu, huchagua kosa lisilo na jina.

Niliifuta sahani ya mwisho, nikaenda kuweka saini. Kwenye nafasi ya mume palikuwa na kisanduku kidogo: mume hayupo. Nikakitia alama. Desderi alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anachokonoa meno.

*

Nilichomwa wiki ya ishirini. Daktari Kipeta hakunisemesha, na nakubali mkono wake haukutetemeka. Kwenye skrini mtoto alikuwa ametupa mgongo, kama aliyekasirishwa na kelele. Sindano ilikuwa ndefu kuliko nilivyojiandaa. Nilitazama dari, ambayo huwa naifuta utando kila Ijumaa, nikaona nimesahau kona moja.

Kisha nililala siku tatu bila kuinuka ila kwa haja, na kila nilipohisi unyevu nilipeleka mkono na kuutazama. Hakuna atakayeniambia kitu kuhusu siku hizo. Nilimwomba radhi mtoto nisiyejua kama ni wa kike au wa kiume. Nilimwambia habari za Alfonsi. Mama mkwe aliniletea uji asubuhi na jioni, akauweka chini, akatoka, hakunitupia neno wala jicho. Lakini uji ulikuwa na karanga, na karanga husagwa kwa mkono.

Hakuna kilichotoka. Siku ya nane jibu likaja.

Mtoto ni mzima. Hana mawe.

Nililia palepale, kwenye korido niliyoipiga deki mwenyewe asubuhi. Daktari alifurahi kuliko mimi. "Umeona?" aliniambia, na akarudia, "Umeona?" Mama mkwe alipopata habari alisema, "Umemchoma mjukuu wangu bure," na sikujali. Waseme. Nilikuwa nimepewa jibu lilelile mara mbili, ila hili la pili lilikuwa jibu.

Jumatatu foleni ilikuwa imejaa, wanawake arobaini. Daktari Kipeta alitoka barazani, jambo ambalo hafanyi, akaniita niache ndoo nije mbele. Akaniweka kando yake kama kielelezo cha ubaoni. Akawaambia kwamba huyu dada wa usafi aliitilia shaka Pua. Alisikia maneno ya mtaani kuhusu sindano, kuhusu vyakula, kuhusu hiki na kile. Akahatarisha mimba yake. "Na sindano imesema nini?"

"Safi," akajibu Agripina.

"Pua ilisema safi, sindano imesema safi. Sasa tusipoteze muda wa watu."

Wanawake walipiga makofi, midomo imefungwa. Niliwatazama mashavu. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikwenda kutafuta ukweli kwa ajili ya tumbo langu, nikaupata, na sasa wameuchukua kwenda kuufungia mlango wa matumbo mengine arobaini. Sindano yangu imekuwa shahidi wa Pua.

Ningeweza kurudi kwenye ndoo. Mtoto wangu alikuwa mzima, na hawa wanawake hawajawahi kuniamkia isipokuwa wanataka kujua choo kiko wapi. Tena niliwadharau, nasema kweli: wameketi na udongo mdomoni wakingoja mashine iwaambie uongo. Lakini nami nilikuwa nimeketi kwenye benchi hilohilo, na dharau yangu haikuwa na pa kusimama.

Niliingia ndani nikatoka na chupa ya mfano na kisahani kimoja chenye taa yake. Daktari aliniambia nirudishe. Nikasema, na sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka, "Niachishe kazi baadaye, daktari." Nikamimina. Nikaangusha tone. Nyekundu, wakaiona wote. Nikatoa kijiti changu shavuni, mbele yao, nikakwangua kwa ukucha juu ya kifuniko, nikatikisa. Baba Yetu mara kumi, safari hii kwa sauti, na wawili watatu wakaitikia kwa mazoea, kupitia puani. Nikaangusha tone. Kijani.

Daktari alisema nyama imechoka. Kisha akawageukia wanawake, akafungua mikono, akiwa na uhakika wote wa dunia. "Haya. Nani hapa anakula udongo?"

Vichwa arobaini vilitikisika. Hapana. Hakuna aliyetoa sauti, kwa sababu hakuna aliyeweza.

Daktari alinitazama bila hasira. Alinitazama kama hesabu iliyokwisha.

Mama mkwe wangu huweka kapu lake langoni mwa kituo kila Jumatatu, hatua kumi kutoka kwenye foleni. Sikujua kama alikuwa anasikiliza. Alinyanyuka, akaja, akachukua beseni langu la bati la kupigia deki, akamwaga maji yake kwenye maua, akasimama mbele ya benchi la kwanza.

"Skolastika," alisema. "Vijiti sita juzi, viwili leo. Tema."

Skolastika alitazama dari.

"Emerita, wewe vinne, na uliniomba vya moshi mwingi. Tema, mwanangu. Ni wangu, naujua."

Emerita akaanza kulia, mdomo umefungwa. Hakuna aliyetema. Mama mkwe alisimama na beseni tupu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni mwanamke mfupi.

"Sesilia alinuswa humu, akiwa tumboni mwa mama yake," alisema, polepole, kama anayevuta mwiba. "Kijani. Mimi ndiye niliyepiga vigelegele. Mama yake alikuwa na vijiti vitatu shavuni, nilivitia mimi kwa mkono huu. Mjukuu wangu anakula amesimama. Jana amekula amesimama. Leo amekula amesimama."

Hapa Itowela hakuna asiyejua maana ya hilo.

Kijiti cha kwanza kilianguka kwenye bati. Kikalia tak. Kikafuata kingine. Mama mkwe akaanza kutembea mbele ya mabenchi, akiinamisha beseni kwa kila mmoja kama anayepitisha sadaka, na bati likawa linalia bila kukoma. Alipofika mwisho alimpita daktari, akasimama mbele ya Agripina, akangoja. Agripina aligeukia ukuta. Akageuka tena, akatema, akajifuta kwa pindo la gauni lake jeupe.

Daktari Kipeta alikuwa ameshika kalamu na fomu arobaini za asubuhi, swali la kumi na nne limeshajazwa. Alizitazama. Kisha akaninong'oneza kama mtu anayeuliza njia, nani kati ya hawa yuko karibu zaidi na wiki ya ishirini na mbili.

Nilimjibu mimi, kwa sababu wengine wote walikuwa bado wanatema.